Risasi Nilizozianika Juu ya Bati

"Wewe najuaje hii imekufa?"

Mwenye nyumba wangu aliniuliza hivyo akiwa amesimama mbali, mkono ukiwa bado kwenye mlango. Nami, mwenye shahada ya kemia, niliyezoea kumuuliza mchungaji, mkuu wa shule na hata muuza maziwa wamejuaje wanayoyajua, safari hii nikawa ndiye ninayeulizwa. Mbele yetu, juu ya kipande cha bati, risasi kumi na mbili zilikuwa zinakauka kwenye jua la mtaa wa Galbet kama dagaa.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwaka wangu wa pili wa kufundisha Garissa. Nilipanga chumba kwa mjane wa Kisomali niliyemwita eedo, yaani shangazi, kama walivyomwita watoto wa jirani. Marehemu mumewe alikuwa mlinzi wa shamba kando ya Tana, akifukuza viboko kwa bunduki ya marisau yenye kibali. Risasi za dukani zilikuwa adimu, kwa hiyo mzee akawa anaokota maganda yaliyotumika, anayajaza baruti na vigololi vya marisau mwenyewe, kisha anayaziba kwa nta. Alipofariki, bunduki ilirudishwa polisi. Mkebe wa risasi haukukumbukwa na mtu, mpaka eedo alipofungua sanduku la zamani akitafuta mashuka, kwa sababu wajukuu wake walikuwa wanakuja kutoka Griftu kwa likizo.

Aliwaogopea wajukuu, lakini aliogopa zaidi kwenda polisi. Siku hizo risasi moja ikionekana katika nyumba ya Msomali, maelezo yalisikilizwa baadaye, kama yalisikilizwa. Mwana wake wa pekee alikuwa dereva wa lori, na ndiye angebebwa.

Akaja kwangu kwa kuwa nilisoma. Nikamwambia hilo ni jambo dogo: baruti ikilowa haiwaki. Ijumaa jioni nikazitumbukiza zote kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Sabuni haikuwa na kazi yoyote, ila ilifanya jambo lionekane la kitaalamu. Asubuhi nikachukua koleo la mwanawe nipasue moja, nimwonyeshe baruti iliyoharibika. Eedo akatazama lile koleo, akajifunga shuka lake, akasema anaenda sokoni. Ganda likawa linaniponyoka kwa utelezi. Ndipo nikapata wazo la kuzianika kwanza.

Aliporudi saa sita ndipo akauliza swali lake. Nikainama nizitazame vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza. Baadhi zilikuwa na kutu ya kijani, mbili zilikuwa na ufa mdomoni, na nta ilikuwa imeanza kulainika kwa joto. Nta. Mzee aliiweka ili maji yasiingie, na mimi nilikuwa nimeziogesha usiku kucha.

Niliweka koleo chini taratibu sana. Nikamwomba eedo aondoke pale uani, asimruhusu mtu kupita, nami nikaenda mbio kwa koplo mmoja wa ghala la silaha la polisi, mtu wa bara kama mimi, aliyenijua kanisani kwa maswali yangu na aliyewahi kunitembelea pale kwa eedo. Nilimkuta akifunga kamba za viatu, hana sare. Sikumaliza hata sentensi, akasema, "Twende." Nikaona jinsi elimu inavyoheshimiwa.

Alipofika aliagiza mkeka, akazitilia kivuli bila kuzigusa, akakaa mbali akingoja zipoe.

"Nani alizilowesha?"

Eedo alinitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema.

"Mwalimu," koplo akaniambia, "ya kiwandani najua ina nini ndani. Hii ya kujazwa nyumbani alijua aliyeijaza, na yuko kaburini. Hailoweshwi, haianikwi, haipasuliwi, na chooni haitupwi. Unaiacha ilipo, unaondoa watu, unaita mwenye kazi yake."

Nikauliza kama koleo linaweza kusaidia lolote.

"Koleo nipe mimi."

Jioni alizifunga moja moja kwa gazeti, akazilaza kwenye sanduku lenye maranda ya mbao, akaondoka nalo kwa miguu. Aliandikisha kwamba zimesalimishwa na mjane wa mwenye kibali, ambayo ndiyo kweli. Mwana wa eedo hakuguswa. Kesho yake wajukuu wakaja, wakayalalia yale mashuka.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki katika vyumba vya walimu kama siku niliyokuwa na busara ya kukubali kosa na kutafuta msaada. Niliwahi kumsimulia hivyo hivyo mke wa koplo, tulipokutana Nakuru tukiwa tumezeeka kidogo. Alicheka hadi akajifuta machozi. Asubuhi ile, akaniambia, eedo hakwenda sokoni. Alipita lango la kambi ya polisi peke yake, kwa mara ya kwanza maishani, akaja hadi jikoni kwake, akaacha ujumbe wa kumpa koplo atakapotoka zamu: "Nyumba yangu iko risasi na iko mwalimu. Risasi nalala tu. Mwalimu ndiyo iko na koleo."