Nilikiri Wizi Kambini Lamadi Huku Nikicheka

Niliwahi kukiri wizi mbele ya wafanyakazi wenzangu wote, huku nikicheka kwa sauti.

Sikuwa nimeiba hata uzi.

Ninyi mnaosoma haya katika simu zenu mtaniona mpumbavu. Someni kwanza hadi mwisho, kisha mnihukumu.

Naitwa Renatus. Mwaka 1957 nilikuwa mpimaji wa pamba katika kinu kimoja upande wa Bariadi. Kampuni ile ilikwisha kufa zamani, nami sina haja ya kuitaja. Nilisoma kwa mapadre, na mapadre walitufundisha kwa fimbo kwamba mtu husema kweli hata ikimuuma.

Mwaka huo, kabla ya msimu wa kununua pamba kufunguliwa, Bwana Meneja alitangaza jambo ambalo hatukupata kulisikia. Alikuwa Mwingereza kijana, mgeni kabisa katika nchi hii. Alisema kazi ingesimama kwa siku kadhaa. Wafanyakazi wote tungepakiwa katika malori, tukapige kambi kando ya ziwa, karibu na Lamadi. Tungekula pamoja na kucheza pamoja, tupate kujuana kama ndugu.

"Tunalipwa kwa kucheza?" aliuliza Luhaga. "Basi mimi nitazeekea huko huko kambini!"

Luhaga alikuwa fundi wa mashine. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu enzi za mababu, na hapa sharti nieleze, maana vijana wa leo huita kila mzaha utani.

Mtani wako aweza kukuita mchawi mbele ya mkweo. Aweza kumkamata kuku wako akaondoka naye. Huruhusiwi kukasirika; ukikasirika, unatozwa mbuzi.

Wala huruhusiwi kukanusha. Tusi unalipokea, unalitia chumvi, unamrudishia mwenyewe.

Sasa, kambi ile ilikuwa na jambo zito ndani yake. Siku ya mwisho, Bwana Meneja angemtangaza msimamizi mkuu wa kinu. Majina yaliyosemwa yalikuwa mawili: langu na la Luhaga.

Mimi nilikitaka cheo kile kuliko chakula. Nilikuwa nimemposa Stephania, na baba yake, mzee wa kanisa, alinijibu waziwazi: "Ukiwa msimamizi, njoo tuzungumze mahari. Mpimaji hana nyumba ya kumweka binti yangu."

Tukaenda Lamadi.

Nakiri kwamba siku za mwanzo zilikuwa njema. Tulivuta kamba. Tulikimbia ndani ya magunia. Bwana Meneja mwenyewe alianguka mchangani, akacheka, nasi tukathubutu kucheka. Wavuvi walituletea sato wabichi, tukawachoma pale pale ufukweni.

Mchana wa mwisho tuliketi kula, sote katika duara moja. Bwana Meneja alikuwa pembeni na Anatoli, karani aliyetoka Bukoba, ambaye alimtafsiria kila neno. Meneja alikuwa amemwagiza hivyo: asiache hata moja, kwa kuwa alitaka kutujua.

Luhaga akasimama na kipande cha samaki mkononi.

"Jamani, mtazameni Renatus! Mnamwona mtu wa sala, siyo? Huyu ni mwizi! Pamba ya wakulima wa Zagayu inaishia kwenye godoro lake. Mpekueni nywele mtakuta nyuzi!"

Watu wakaangua kicheko. Macho yote yakanigeukia.

Nifanye nini? Nikanushe, nitozwe mbuzi, na nichekwe msimu mzima?

Nikasimama. "Kweli nimeiba!" nikasema. "Tena nimeiba sana! Iliyobaki kwenye godoro nilimshonea mama yako blauzi, na bado haikumtosha kiunoni!"

"Lo! Umepigwa, Luhaga!" alipiga kelele Mhoja, mpakiaji wa marobota ya pamba. Watu walicheka hadi wengine wakalala mchangani.

Anatoli hakucheka. Utani wa koo zetu yeye hakuujua, naye alikuwa mtu wa kutii agizo. Nilimwona akiinama sikioni mwa Meneja, akitafsiri. Uso wa Meneja ukawa mwekundu.

Baada ya chakula nikaitwa hemani. Luhaga naye akaitwa. Mhoja akatufuata bila kuitwa.

"Umeshtakiwa wizi," alisema Meneja kwa kinywa cha Anatoli, "nawe umekiri mbele ya watu wote."

"Bwana, ni utani," nilijibu. "Ni mila yetu."

"Ni kweli, Bwana," alisema Mhoja. "Hawa ni watani. Hata msibani hutukanana."

Meneja akatikisa kichwa. "Wewe ni rafiki yake, utamtetea. Nitamwuliza yule aliyesema." Akamgeukia Luhaga. "Je, ulikuwa unatania?"

Neno moja tu lilihitajika. *Ndiyo.* Mtoto mdogo angeweza kulisema.

Luhaga alitazama viatu vyake. Kisha akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa makavu.

"Bwana, nililosema nimelisema. Naye amejibu kwa kinywa chake mwenyewe. Sikumlazimisha."

"Luhaga!" Mhoja alimaka. "Wewe! Unaukana utani?"

Luhaga akageuka, akatoka hemani.

Jioni ile ile alitangazwa kuwa msimamizi mkuu. Watu walipiga makofi machache, yaliyochoka. Mimi nilirudi Bariadi nyuma ya lori, juu ya mahema yaliyokunjwa, nikiwa si mfanyakazi tena.

Nilikwenda kwa baba yake Stephania ili nijieleze. Hakunikaribisha kiti.

"Simwozi binti yangu kwa mwizi."

"Baba, nilisingiziwa."

"Ulikiri," alisema. "Lamadi nzima ilisikia."

Stephania aliolewa Mwanhuzi. Nami nilirudi kulima.

Mwaka 1959 Luhaga alishikwa na homa, akafa. Ndugu zake walituma mtu kwetu, kama ilivyo ada, kwa sababu mtu hazikwi bila watani wake kuwapo.

"Mimi simwendei yule," nilimwambia baba.

"Humwendei yeye," baba alinijibu. "Unauendea ukoo. Simama."

Nikaenda kwao, Sola. Nilivaa gunia na kujipaka majivu usoni, kama wafanyavyo watani. Lakini nilipofika kaburini ulimi ulikataa. Watani wengine walikuwa wakimwigiza marehemu alivyokuwa akitembea. Mimi nilisimama kama mti.

Kornelia, mjane wake, aliniona. "Mtani, mbona kimya? Tuchekeshe, tumechoka kulia."

Ndipo nikafungua kinywa.

"Huyu mnayemlilia ni mwizi!" nikasema. "Tulipokuwa kambini Lamadi alinitania, na alipoulizwa kama ni utani, akaukana ili apate cheo! Alinyang'anya kazi yangu na mchumba wangu! Nyumba ile ya bati mnayoiona, kila msumari wake ni jina langu!"

Machozi yalikuwa yakichora mifereji katika majivu.

Msiba mzima ukaangua kicheko.

"Ongeza, mtani!" walipaza sauti. "Mpe vidonge vyake! Tazameni, hata kulia anajua!"

Kornelia alinishika mkono, akicheka na kujifuta macho. "Wabeja, asante, mtani. Umetupunguzia uchungu."

Mzungu mmoja akasogea kutoka nyuma ya waombolezaji, kofia mkononi. Alikuwa Bwana Meneja. Sasa Kiswahili alikijua vizuri.

"Utani mzuri sana," aliniambia, akinipa mkono. "Zamani sikuijua mila hii. Marehemu mwenyewe ndiye aliyenifundisha." Akanitazama chini ya majivu yale, asinitambue. "Na wewe, bwana, unafanya kazi wapi?"

Nikamwachia mkono, nikaondoka. Kama ningemjibu, angecheka kama wengine.

Wajukuu zangu, wosia wangu ni mfupi. Mtaalikwa makambini na makazini, mtaambiwa chekeni, fungukeni, sisi sote ni ndugu. Chekeni. Lakini kabla hujamwachia mtu jina lako alichezee mbele ya wakubwa, jiulize kama atalirudisha siku ambayo kulirudisha kutamgharimu. Kama hujui jibu, kubali kutozwa mbuzi.

Mbuzi hununuliwa mwingine.