Nilivyotoa hewa kwa bomba la maji moto la marehemu, kule Lucky Summer

Wakuu, niaje. Hii story nimekaa nayo miezi kadhaa nikiogopa mtanicheka. Leo naiweka vile ilitokea, bila kuongeza chumvi. Mwenye hataki kuamini apite tu.

Mimi ni fundi wa bomba, kazi yangu nyingi iko hizi estate za Eastlands, Nairobi. Jumamosi moja asubuhi nikaitwa na mjane mmoja kule Lucky Summer. Tumwite Mama Nekesa.

Mzee wake alikuwa amefariki karibu miezi miwili kabla, shida ya kifua. Nyumba walijijengea, na solar ya maji moto iliyo juu ya slab, lile paa la zege, mzee aliifunga kwa mikono yake.

Shida ilikuwa hivi: tangu warudi kutoka mazishi Bungoma, ukifungua mfereji wa maji moto kwa bafu, mtu anakohoa.

"Hiyo ni hewa tu, mama," nikamwambia kwa simu.

"Kuja usikie kwanza."

Nikaenda, nikafungua. Kimya.

Halafu ndani ya ukuta: kho, kho. Pumzi ndefu ya kuvuta. Kho.

Maji yakatema kidogo, yakakatika.

Wakuu, nimefungua mifereji mingi maishani. Huo ulinisimamisha nywele.

Mama Nekesa alikuwa mlangoni, leso mdomoni. "Hivyo ndivyo alikuwa anakohoa akioga. Kila asubuhi."

Yeye mwenyewe siku hizo alikuwa anaoga kwa jirani. Binti yake alishahama. Mashemeji nao wanamsukuma arudi ushago kule Bungoma, nyumba iuzwe, eti mzee hajatulia.

Nikamweleza vizuri. Tanki lilikauka wakiwa mazishini. Maji yaliporudi, hewa ikakwama pale bomba linapanda na kushuka tena kama mgongo. Maji yakisukumana nayo, ndio hizo kelele. Dawa ni kuingiza maji ya council, yale ya jiji, kwa nguvu kutoka chini, hewa itokee kwa kijibomba cha kupumulia kule juu kwa solar.

Nikafunga mpira kutoka mfereji wa nje hadi ule wa maji moto wa bafu, nikauacha wazi.

"Mama, napanda juu. Nikisema fungua, fungua huu wa nje kidogo kidogo. Nikisema funga, funga."

Akaitikia kwa kichwa.

Huko juu jua lilikuwa linachoma. Nikaweka kiganja kwa kijibomba, nikapaza sauti: "Fungua!"

"Haya, fundi. Pole pole."

Sauti ya mwanaume. Nzito, yenye kukwaruza. Nikadhani jirani amekuja kusaidia.

Hewa ikaanza kutoka. Ilitoka muda mrefu, vuguvugu, kama mtu anaachilia pumzi aliyoibana siku nyingi. Mwishowe maji yakaruka, yakatulia.

"Funga!"

Yakasimama papo hapo.

Nikashuka nikiwa na furaha. Nje hakuna mtu. Mfereji umefungwa, bado unadondosha. Gate iko na komeo kwa ndani.

Mama Nekesa nikampata sitting room, amepiga magoti, ameziba masikio.

"Nisamehe fundi, nilishindwa," akasema. "Niliposhika huo mfereji ulitetemeka, nikakimbia. Sasa nakuja kufungua."

Nikageuka kuangalia mlango. "Mama, kuna mwanaume hapa ndani?"

"Hakuna. Kwani?"

Nikamwambia. Akaniangalia sana.

"Alisema nini? Rudia vile alisema."

"Haya, fundi. Pole pole."

Akakaa chini, akalia huku anacheka. "Mafundi wote aliwaambia hivyo. Hakupenda kazi ya haraka. Kumbe hajakasirika. Amekusaidia."

Akainuka, akaingia bafu peke yake, akafungua. Maji moto yakamwagika bila sauti yoyote ile. Nilimsikia akisema, "Asante, Baba Nekesa."

Wiki hiyo aliwaambia mashemeji haendi popote. Binti alirudi. Mimi nilisahau spana yangu juu ya slab, na mpaka leo sijaifuata.

Nilichojifunza: tanki likikauka kabisa, toa hewa kwa bomba mapema kabla watu waanze kukosa usingizi. Na ukiwa juu ya slab, hakikisha unajua ni nani anakuitikia kule chini.

Mafundi wenzangu, kuna mwenye amewahi kusaidiwa kazi namna hii? Ongeeni hapa, nisijione niko peke yangu.