Nilificha Jina, Nikaacha Maneno

Mwanangu, kabla hujafunga mzigo kwenda Kegonga, mpakani na Tanzania, na hiyo kazi yako ya kuchunguza namna watu wanavyojiita Wakenya mitandaoni, keti kwanza. Ipo siku moja ambayo ningependa kuisahau, lakini Mungu hajaniondolea, na namshukuru hata kwa hilo.

Nilikuwa nimestaafu ualimu kule Kisegi. Kwa umri nilikuwa mzee, ila katika kazi ya utafiti nilikuwa mchanga kuliko wewe. Profesa mmoja alitaka kujua watu wa mpakani wanasema nini juu ya taifa lao wakiwa kwenye simu, hasa siku Kenya inapocheza mpira na Tanzania. Akaniajiri nimsaidie. Mama Gati, mjane wa Kegonga niliyemfahamu kwenye semina za kanisa, akaniingiza katika kundi lao la WhatsApp, lenye ndugu wa Kikuria wa pande zote mbili za mpaka.

Siku ya kwanza nilijitambulisha: mimi ni msaidizi wa mtafiti, nitakuwa nasoma mnayoandika. Wakanijibu kwa alama za dole gumba. Baada ya hapo nikawa natuma andiko na sala kila asubuhi. Sikuwa na nia mbaya. Lakini miezi mitatu baadaye hakuna aliyekumbuka kilichonileta. Nilikuwa mzee wa maombi tu. Niliona wanaongea kwa uhuru zaidi, nikafurahi, nikanyamaza. Dhambi yangu iko hapo, katika kule kunyamaza.

Siku ya mechi vijana wakamtania Mama Gati achague timu. Akaandika: "Mimi nilizaliwa ng'ambo, nikavushwa na ng'ombe kumi na wawili wa mahari. Sasa wimbo wa taifa niimbe upi, wa baba yangu au wa ng'ombe?" Kundi zima likacheka. Mimi nikanakili neno kwa neno. Profesa aliipenda mno kauli ile. Tukambadilisha jina, tukamwita Mama Neema, tukaamini tumemlinda. Ripoti ikawekwa kwenye tovuti, na haukupita muda mtu wa kundi lile akaiona, akairudisha kundini.

Mwaka huo Gati, bintiye, alikuwa ametimiza miaka kumi na minane. Alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi, na chuo kilitaka kitambulisho. Kule mpakani kijana hakipati kabla wazee hawajamhoji na kuthibitisha ukoo wake. Baba yake alikuwa amefariki, na karatasi za huyo baba zilikuwa zimepotea. Siku ya kumhoji Gati, mzee mmoja akatoa simu, akasoma maneno yale mbele ya watu, akamuuliza Gati kama huyo si mama yake. Fomu ikawekwa kando, eti ni mtoto wa Mtanzania.

Niliposikia nilikwenda Kegonga. Nilimkuta Mama Gati akipukuchua mahindi. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaendelea na kazi.

"Mwalimu, hiyo simu iweke pale juu ya gunia," akasema. "Leo nataka tuongee sisi wawili."

Nikaiweka. Nikamwambia jina lake hatukuliandika mahali popote.

"Gati alinijua kabla mzee hajamaliza mstari. Hapa nani mwingine anaongea hivyo?" Akapukuchua hindi lingine. "Kila asubuhi ulituombea. Mimi nilidhani naongea mbele ya mtu wa Mungu, kumbe ulikuwa kazini."

Akatupa gunzi kando.

"Na ungeniuliza, singekukatalia. Ningekuambia tu, toa hiyo ya kuzaliwa ng'ambo, ngojea mtoto apate kitambulisho."

Nilikwenda kwa chifu na wazee wake kumtetea Gati. Wakaniambia kwa upole kwamba ushahidi wenyewe nimeuandika mimi. Gati alipata kitambulisho baada ya miaka mitatu, na nafasi ya chuo ilikuwa imeshaenda kwa mwingine. Leo yuko Masara kwenye machimbo, anaosha mawe ya dhahabu yaliyosagwa, mikono ndani ya maji kutwa nzima. Mama yake tukikutana sokoni hunisalimu vizuri. Kundini hajaandika neno tangu Gati alipohojiwa.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Idhini ya siku ya kwanza haitoshi. Wakumbushe wewe ni nani kila wanapoanza kusahau, hata kama watanyamaza na daftari lako likabaki tupu. Usiombe na watu ili wakufungukie. Na maneno ya mtu, kabla hayajachapwa, mrudishie mwenyewe, msomee ana kwa ana, na akisema toa, toa, hata kama ndiyo kauli tamu kuliko zote ulizokusanya.

Nenda basi. Mungu akutangulie barabarani, akupe subira ya kusikiliza na aibu ya kutosha. Na ukimdhuru mtu, kwa kuwa huenda ukamdhuru, akupe miguu ya kurudi hadi mlangoni kwake. Amina.