Bomba Lililokataa Kunyamaza

Wiebke Harms aliolewa na kinanda kwanza, Hinrich baadaye; ndivyo walivyomtania mjini. Kila Alhamisi ya kiangazi, watu walipokuja kusikiliza kinanda cha kanisa kuu, kile kinacholia kwa hewa inayopita kwenye mabomba, mumewe alipiga juu roshani na yeye alisimama ubavuni pake, akifunua kurasa na kuvuta vishikizo vya mbao vinavyoamsha safu moja ya mabomba na kulaza nyingine.

Tangu majira ya baridi alikuwa na siri. Masikio ya Hinrich hayakushika tena sauti nyembamba za juu, na mwenyewe hakujua.

"Mabomba madogo yamekuwa mapole siku hizi," Hinrich alisema asubuhi ya Alhamisi moja.

"Vumbi tu, mzee wangu. Mimi nayasikia."

"Ungekuwa fundi wewe, kila ugonjwa ungeuita vumbi!"

Wakacheka. Wakubwa wa kanisa wangejua, wangempa kinanda mtu mwingine, na Hinrich asiye na kinanda, Wiebke hakuweza hata kumwaza.

Jioni, wimbo wa mwisho ulipoisha, Hinrich aliinua mikono. Bomba moja dogo likakwama, likaendelea kulia, jembamba kama sindano. Dawa yake ilikuwa kurudisha kishikizo kimoja tu. Lakini Hinrich alikuwa na mwiko wake: baada ya sauti ya mwisho, hakuna kutikisika mpaka mwangwi ufe darini. Mwiko huo ulishamwingia Wiebke mwilini. Akangoja ishara. Hinrich alifumba macho, akitabasamu, akisikiliza kimya ambacho hakikuwapo.

Kisha akaenda kwenye ukingo wa roshani, akawainamia watu waliokaa chini.

Hakuna aliyepiga makofi. Katika mji ule hawapigi makofi sauti ikiwa bado hewani. Walikaa na adabu zao, nyuso juu, wakingoja.

"Wamekufa hawa?" alinong'ona. "Nimeharibu wapi?"

Wiebke akarudisha kishikizo. Papo hapo makofi yakalipuka.

Hinrich akautazama mkono wa mkewe, kisha watu, kisha mkono tena.

"Nini kilikuwa kinalia?"

"Bomba."

"Kwa nguvu?"

Wiebke akaanza kukusanya kurasa.

"Yule bibi wa mbele alikuwa ameziba masikio. Nilidhani anasali." Akaketi kwenye benchi, akavipa mgongo vibonyezo vya kinanda. "Na wewe ulijua."

"Hinrich..."

"Nenda ukawainamie wewe. Mimi sikuwamo humu."

Makofi hayakukoma. Wiebke akaenda ukingoni, akainama, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.