Gego la Kupimia Mahindi

Pale kijijini Kolo hakuna aliyethubutu kufunga gunia la mahindi kabla Batuli hajauma punje. Aliitia kwenye gego la kulia, akabana, akasikiliza. Ikilia "ka!" mahindi yamekauka; ikikaa kimya, rudisha juani, maana mahindi yenye unyevu huota ukungu ghalani, na ukungu huo huua watu. Wataalamu walileta kipimo cha betri. Watu wakakisifu sana, kisha wakamfuata Batuli kuhakikisha.

Basi mwezi wa sita akauma kijiwe, gego likapasuka, nusu ikamdondokea mkononi. Alilia, wala si kwa maumivu. Upande wa kushoto hana gego hata moja. Hili liking'olewa, ndiyo basi tena.

"Hatung'oi," alisema Daktari Evodia kule Dodoma mjini. "Mzizi ni mzima. Tutachonga kipande cha kauri kinachofuata umbo la ile nusu iliyovunjika, tukigandishe juu ya nusu iliyobaki."

"Kitasikia?"

"Kusikia ni kazi ya sikio lako, mama. Chenyewe kitauma tu."

Wiki mbili akakaa jino limezibwa kwa muda, roho juu. Siku ya kugandishwa alipewa karatasi ya rangi aiume, ionekane wapi panagusa. Akaiuma ikatoboka.

"Uma kawaida, mama!"

"Hii ndiyo kawaida yangu, daktari."

Ikabidi kipande kisuguliwe mara tatu. Mwishowe akaruhusiwa punje moja moja, mifupa marufuku.

Kolo walimpokea kwa vigelegele kabla hajauma chochote! Wa kwanza kumletea punje alikuwa mumewe, Masudi, aliyemwombea dua kila alfajiri gego lipone. Yeye peke yake alishafunga magunia kumi na mawili, anangoja kusifiwa tu.

Batuli akauma. Kimya. Moyo ukampasuka: gego limekuwa kiziwi! Haraka akapokonya punje mkononi mwa Joha, jirani yake, akabana.

Ka!

Sauti ikampanda hadi sikioni, safi, kali kuliko zamani. Batuli akaruka kama msichana, machozi yanamtoka, anacheka. Kisha akakumbuka ile punje ya kwanza.

"Baba Ikram," akamwambia mumewe, "mwaga yote. Yarudi juani."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Masudi akayatazama magunia yake, akamtazama mkewe.

"Kweli limepona," akasema kwa unyonge, akainama kufungua kamba ya gunia la kwanza.