Tope au Tini

Kijijini kwetu hakuna aliyejua kulaani kama Shangazi Warina, na nasema hivyo nikiwa shemasi. Mbuzi akiingia bustanini kwake, kuku akidonoa mkate unaopoa, mkwe akichelewa kupiga simu, kila mmoja alikuwa na laana yake ya kumtosha. Mimi niliwahi kuambiwa ndevu zangu ziote kwa ndani. Haki ya Mungu, wiki nzima nilikuwa najikuna koo.

Alizaliwa bonde la juu, kijiji ambacho leo ni mawe matupu na miti ya jozi. Watu wake walitawanyika, na maneno ya pekee ya bonde lile yakabaki katika vinywa viwili tu: chake na cha dada yake Shushan, aliyeko Sydney. Na hao wawili walikuwa hawajasemezana miaka kumi na tisa, kisa sufuria ya shaba ya mama yao, ambayo Shushan aliibeba hadi Australia. Sufuria, jamani!

Kiangazi kile akaja mjukuu wake Shamiram kutoka Uswidi, na daftari jipya.

"Bibi, nataka kuandika maneno yako yote kabla hujafa."

"Nani kakuambia nakufa?"

Nilifurahi kweli, mpaka nilipolichungulia lile daftari. Herufi za Kirumi! Na katikati ya maneno kumechomekwa tarakimu, tatu na tano.

"Haya ni maneno au namba ya simu?" nikauliza.

"Mjomba Shemasi, hiyo tatu ni ile sauti ya kooni. Sote tunaandika hivyo."

"Sote akina nani?"

"Wenye simu."

Damu ikanipanda. "Herufi tunazo, binti! Ishirini na mbili! Mababu walikimbia nazo milimani, wakaacha hata viatu!"

"Lakini binamu zangu hawajui hata moja. Ukiandika kwa hizo, watakaosoma ni wewe na Mungu."

"Tunatosha!"

Warina alicheka mpaka akashika mbavu. "Hebu niambie, Shemasi. Herufi zako si ndizo za Injili? Utaandikaje 'ndevu ziote kwa ndani' kwa herufi za madhabahuni?"

Hapo alinipata. Nikaomba chai.

Kesho yake Shamiram akaomba laana iliyo kubwa kupita zote. Nilikuwepo, nimekaa kizingitini natafuna jozi. Warina hakufikiri hata kidogo. "Hiyo ni ya Shushan. Andika: Shushan, kinywa chako kijae tope." Binti akaandika, akaupiga picha ule mstari mmoja na kuutuma kwenye kundi la ukoo ili watu wacheke. Maelezo hakuweka, hata kwamba ni laana.

Sasa elewa jambo moja. Kwa lugha yetu tope na tini ni neno karibu lile lile, ila tope lina t nzito, ya kubandika ulimi juu kaakaani, na tini ina t nyepesi. Katika herufi zetu nzito ni Tet, nyepesi ni Tau, na watoto darasani kwangu wameshalia machozi kwa sababu yao. Herufi za Kirumi alizoandika Shamiram zilikuwa na t moja tu, basi.

Asubuhi simu ikalia. Sydney. Shamiram akaweka sauti ya juu, tukasikia kikongwe analia.

"Warina? Mjukuu wangu kanisomea. Unanitakia tini, dada? Baada ya yote yale? Zile za nyuma ya kinu cha maji?"

Warina akafumbua mdomo kumrekebisha. Nilimwona kwa macho yangu, ulimi umeshapanda juu tayari kwa ile t nzito. Ukaganda huko huko. Kisha akasema polepole, "Zile za nyuma ya kinu, ndiyo. Zilikuwa na jina lake."

"Zilikuwa nalo! Ngoja... usiniambie!"

Waligombania jina la zile tini nusu saa nzima, wakiitana mpumbavu, na kila aliyeshindwa alitoa neno jingine kulipiza. Majina ya theluji, ya upepo, ya sehemu za kitanda cha kufumia nguo. Siku nne wakapigiana simu, na Shamiram akaandika mpaka vidole vikamuuma.

Kisha akaniletea daftari, amenywea. "Mjomba, nimekwama. Nimeandika mwenyewe na nusu siwezi kutamka. Niandikie ubavuni kwa herufi zetu. Nitajifunza, naapa."

Sikumsimanga. Sawa, nilimsimanga kidogo. Tukakaa mezani kwa Warina, maneno ya binti yakianzia kushoto, yangu yakianzia kulia, yakikutana katikati ya ukurasa. Hata ndevu zangu niliziandika kwa herufi za Injili, Mungu anisamehe. Mwendo ukawa mzuri mpaka tukafika mstari wa Shushan, na kalamu yangu ikasimama hewani. Kwa herufi za binti ungeweza kupita bila kuamua. Kwa zangu hupiti: ama Tet ya tope, ama Tau ya tini.

"Shangazi, hapa naandika ulivyosema."

"Kwani nilisemaje?"

"Tope!"

"Nani shahidi?"

"Mimi! Nilikuwa nimekaa pale nakula jozi zako!"

Warina akajifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Sufuria ni yangu," akasema, "na nitasema hivyo mpaka kaburini. Lakini zile tini ameshazila, Shemasi. Nitazitoaje mdomoni mwake?"

Miaka thelathini nimewafokea watoto kwa kosa hilo hilo. Nikaandika Tau.