Barua Iliyokataliwa Mlangoni

Kila asubuhi patron wangu, yaani bosi wangu, muuza vipuri wa mtaa wa Jabe, alikuwa ameshinda bahati nasibu asiyoicheza. Mimi ndiye niliyetunza seva ya barua pepe ya duka, na nilichoka kumfukarisha, kwa kumwambia ni barua za matapeli, kabla hajamaliza chai. Basi nikaiunganisha seva na orodha nyeusi: barua ikibisha hodi, seva hutazama kikoa chake, yaani jina linalofuata alama ya @, na likiwa kwenye orodha ya wasumbufu, barua hairuhusiwi kuingia.

Patron alilipenda jina la orodha nyeusi kuliko kazi yenyewe. "Iyo liste noire," akaniuliza, "unaweza kutiamo mutu unayemujua?"

Kwa majivuno nikamwambia naweza. Akanitajia kikoa cha duka la mdogo wake wa Uvira, aliyekosa kuja kwenye harusi ya binti wa patron. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi nilichukua kibodi, tena nikicheka.

Miezi ikapita. Siku moja mzee mwenye kanzu akaingia dukani na karatasi mkononi, vumbi la njia ya Gatumba, itokayo Uvira, viatuni. Hakumuulizia patron.

"Administrateur ni nani hapa?"

Nikainua mkono kama mwanafunzi. Karatasi ilikuwa jibu la seva yangu, kwa Kifaransa: barua yako imekataliwa, wasiliana na administrateur, yaani msimamizi wa seva.

"Mwanangu," akasema, "juma hili naenda Hija. Siwezi kwenda bila radhi ya kaka yangu. Nimemuandikia mara tatu, mashini inasema nianze na weye. Basi mi naomba musamaha."

Katika maisha yangu yote sijaona mtu mwingine aliyesoma ujumbe ule mpaka mwisho, sembuse kuutii. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mtu mzima, safari ya Makka mbele yake, ananiomba radhi mimi! Aibu ilinichoma mpaka masikioni.

Patron akatokea nyuma ya rafu, miwani juu ya paji la uso. Akaichukua karatasi, akaisoma polepole.

"Nani amekuandikia maneno haya?"

"Ni weye, kaka."

Patron akanitazama, kisha akamtazama mdogo wake.

"Apana," akasema. "Mi nilikataza barua tu. Mutu sikumukataza."